Uvumi Wangu na Sahihi ya Jakobi Mims

Jumatatu, Januari 11

Mkutano saa moja asubuhi. Kocha mkuu, Dalton Rusk, katukalisha makocha wasaidizi wote tisa, kisha akanitazama mimi peke yangu. Kasema Jakobi Mims asipotia sahihi ya kuja Chuo cha Harlan Bluff, nianze kutafuta shule ya kufundisha watoto kuruka kamba. Wenzangu wamecheka. Mimi nimecheka pia, kwa adabu.

Siku ya sahihi, vijana wa sekondari wanapojifunga rasmi kwa chuo, ni Jumatano, Februari 3. Nimebakiwa na siku ishirini na tatu.

Jakobi ana miaka kumi na minane, kilo mia na hamsini, na miguu myepesi ajabu. Kazi yake kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani ni kumkinga mrushaji mpira asivunjwe mbavu. Mrushaji wetu msimu uliopita alivunjwa nne. Vyuo thelathini vilimtaka kijana huyu. Nimemwandikia barua mia mbili na kumi na mbili kwa mkono wangu, mpaka kidole kimepinda. Vyuo vingine vyote vimekata tamaa, tumebaki sisi na Chuo cha Catalpa. Na Catalpa wamemtuma nani Mississippi nzima? Coy Ledbetter!

Huyo Coy tuliishi chumba kimoja miaka minne tulipokuwa tunaichezea Bluff. Alivaa soksi zangu. Alimwoa msichana niliyekuwa nikimwandikia mashairi. Halafu akaenda kufanya kazi kwa mahasimu wetu, na watu bado wanampenda. Mimi nimekaa hapa miaka ishirini na sita, na mlinzi wa getini bado ananiuliza namtafuta nani.

Jumatano, Januari 13

Kanuni zinaturuhusu kumtembelea kijana nyumbani mara moja kwa wiki. Leo ilikuwa zamu yangu. Nimefika Tillery, mji wa kina Jakobi, jioni na tai yangu ya kijani, rangi ya Bluff.

Jakobi analelewa na bibi yake, Odessa Mims. Kila mtu katika kazi hii anajua kwamba si kijana unayemsajili, ni bibi. Kijana mwenyewe alikuwa amelijaza kochi lote. "Ndiyo, Kocha." "Sawa, Kocha." Hata nilipomwuliza anapenda kula nini, kanijibu "Ndiyo, Kocha."

Bibi kapika mkia wa ng'ombe, sukuma wiki na nyama ya nguruwe, viazi vitamu, mkate wa mahindi. Nimekula sahani mbili nikashukuru. Bibi akasema kwa upole, "Yule Kocha Ledbetter jana alikula tatu, mwanangu. Halafu akaosha vyombo."

Jana! Nikaomba ya tatu. Nikaomba ya nne. Nikasimama kuosha vyombo huku shati limebana, nikaangusha bakuli la kaure likapasuka vipande. Bibi kasema si kitu, lilikuwa la marehemu mama yake tu. Machozi yakanitoka. Yalikuwa ya shibe, lakini nikayaacha yatiririke.

Nimetapika nyuma ya kituo cha mafuta. Tai imeharibika.

Ijumaa, Januari 15

Rusk kaniita ofisini. Kasema kazungumza na Bibi Odessa kwa simu, mambo si mabaya, nitulie. Karudia mara mbili: "Verlon, tulia. Usifanye lolote la ajabu."

Mtu akikuambia utulie wiki tatu kabla ya sahihi, ujue meza yako imeshapata mtu. Leo sitapata usingizi.

Jumapili, Januari 17

Kila Januari namwandikia Rusk taarifa ya wapinzani wetu wa ligi na matarajio yao. Nimeimaliza leo. Ni kazi ya kisayansi.

Fort Delling wana mrushaji hodari, ila kapata mchumba. Wataporomoka. St. Amant wana uwanja mpya na kocha mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wataporomoka. Catalpa nimewapa ukurasa mzima: ukumbi wa mazoezi wenye paa, mishahara minono, matajiri wanaotoa bila kuulizwa. Wataporomoka. Mwaka jana pia niliandika wataporomoka, wakashinda mechi kumi na moja, lakini anayeporomoka lazima kwanza apande. Bluff tunainuka. Tunainuka tangu mwaka tisini na nne.

Rusk hajawahi kuisoma taarifa hii hata mara moja. Mwaka juzi niliiona imeegemeza dirisha.

Mchana nimepigiwa simu kutoka Tillery. Coy leo alikuwa kanisani kwa Bibi Odessa. Kaimba na kwaya, tena bila karatasi. Akina mama wamesimama wakampungia vitambaa. Nimemchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote.

Jumanne, Januari 19

Nimepata!

Familia ya kijana inaogopa nini kuliko vyote? Kocha mkuu aliyewaahidi mbingu na ardhi kufungasha na kuwaacha. Basi kocha mkuu wa Catalpa, Hoyt Gannaway, na afungashe! Kule Magharibi kuna chuo kikubwa, Monteluna, hakina kocha tangu Krismasi. Hawajamtaja Gannaway hata kwa bahati mbaya. Nitawasaidia kumtaja.

Nimeingia kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni. Jina langu huko ni Kobe Mjuzi, maana Kobe ndiyo jina la timu yetu. Nikaandika kwamba mtu asiyekosea kaniambia ndege ndogo ya Monteluna imetua Catalpa asubuhi hii, kumfuata Gannaway. Watu wa huku wanaweza kubishana hata na mchungaji mimbarini, lakini habari ya ndege ndogo hawaibishii. Msimu wa makocha kuhama, nusu ya jimbo inaangalia juu.

Jumatano, Januari 20

Shabiki mmoja kaacha kazi yake ya kuuza matairi, kaendesha gari mpaka kiwanja cha ndege cha Catalpa. Kaikuta ndege! Nyeupe, ina mstari wa buluu. Kaipiga picha kumi na nne. Jukwaa limelipuka, kurasa arobaini kabla ya chakula cha mchana. Mwingine kaapa kamwona mke wa Gannaway ananunua maboksi.

Na mimi nimeshtuka. Nimepiga simu kiwanjani kuuliza. Mlinzi kasema ni ya daktari wa meno kutoka Texas, kaja kuwinda paa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijawahi kujiona na akili kiasi hiki.

Jumamosi, Januari 23

Gannaway katokea kwenye televisheni. Kasema hajazungumza na yeyote, Catalpa ni nyumbani, atazikwa hapo. Masikini! Katika kazi hii kocha akishasema atazikwa mahali, watu wanaanza kumtafutia lori la mizigo. Hakuna aliyemwamini.

Coy kanipigia. Hasira tupu. "Verlon, ni wewe? Niambie ukweli, kaka. Vijana watano wamenipigia wanalia." Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mama ni marehemu, hatajua. Kisha Coy kaniuliza kama kazini niko salama, maana kasikia Rusk ananisumbua. Anajifanya kunihurumia! Nyoka mkubwa.

Jumanne, Januari 26

Gannaway kaondoka! Kaenda Monteluna kweli!

Inasemekana wakubwa wa Monteluna walisoma kwenye jukwaa letu kwamba wanamtaka, wakatazamana, wakaona si wazo baya. Wamempigia Jumapili. Catalpa hawana kocha, siku nane kabla ya sahihi. Kitumbua chao kimejaa mchanga, na mchanga niliumwaga mimi.

Nimenunulia ofisi nzima donati. Rusk kala mbili. Kaniuliza nadhani Catalpa watamchukua nani. Nikasema yeyote atakayekubali ni mwendawazimu. Kauliza ni kweli wana ukumbi wa mazoezi wenye paa? Nikamweleza vipimo. Kauliza habari ya wale matajiri. Nikamtajia majina. Basi akaiomba ile taarifa yangu, ukurasa wa Catalpa, akafunga mlango akaisoma yote.

Miaka sita, tangu Rusk aje, nimengoja siku hii. Hatimaye kuna mtu anathamini kazi yangu.

Ijumaa, Januari 29

Rusk kaenda kuwa kocha mkuu wa Catalpa.

Nimejua kupitia televisheni ya kinyozi, kidevu kikiwa nusu kimenyolewa. Yuko pale, kavaa tai ya manjano ya Catalpa, anasema huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote maishani mwake. Alikula donati zangu mbili! Kinyozi, shabiki wa Bluff miaka hamsini, kaweka wembe chini. Kasema hawezi kuendelea. Nimetoka hivyo hivyo.

Wachezaji walikuwa wamekaa sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kijana mmoja kaniuliza, "Kocha, sasa sisi ni wa nani?" Nikamwambia Bluff ni kubwa kuliko mtu mmoja. Kaniangalia kidevu.

Nimempigia Bibi Odessa mara sita. Hapokei.

Jumatano, Februari 3

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshakaa mbele ya mashine ya faksi. Sahihi za vijana huja kwa faksi, karatasi moja moja. Ya kwanza, mpiga mateke kutoka Iowa. Ya pili, orodha ya vyakula vya mgahawa wa Kichina. Kisha mashine ikanyamaza. Nikaipiga kofi kidogo.

Saa nne televisheni ikaonyesha ukumbi wa shule ya Tillery. Jakobi mezani, mbele yake kofia mbili, ya kijani na ya manjano. Bibi Odessa pembeni. Bendi ikanyamaza. Mkono wa Jakobi ukaenda kwenye ya kijani. Nikasimama! Nikapiga kelele! Kumbe anaisogeza kando apate nafasi ya kiwiko. Kavaa ya manjano. Imembana.

Nimekaa chini. Nimeitazama ile mashine kwa muda mrefu. Miaka ishirini na sita, na sina hata mmoja wa kumwonyesha mtu nikasema huyu nilimleta mimi.

Saa sita Bibi kanipigia. Kaomba radhi kwa kutopokea simu. Kisha akanieleza. Jakobi alishachagua Bluff siku ile ile niliyokula kwao. Walimpigia Rusk wakampa neno, naye akawaomba wafiche hadi siku ya sahihi, Catalpa wasije wakamsumbua kijana. Hakumwambia mtu yeyote.

"Tulikuwa wenu, mwanangu," kasema. "Ulipovunja lile bakuli ukalia, nilimwambia Jakobi, mtu huyu hajui kudanganya, nenda kwake. Lakini nilimkabidhi mjukuu wangu kwa Rusk kwa neno langu, na Rusk kahama, nasi tumemfuata. Aliyezusha yale mambo ya ndege ndiye kawaharibia ninyi. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Nikasema ni kweli, Mungu atamlipa mtu huyo. Bibi kasema, "Amina." Nikasema amina na mimi. Ningefanya nini kingine?

Ijumaa, Februari 5

Bluff imepata kocha mkuu mpya. Coy Ledbetter.

Rusk alipofika Catalpa alikwenda na watu wake, Coy akawa hana kazi. Sisi hatukuwa na kocha. Haya, mambo yakajipanga. Bendi imempigia. Mlinzi wa getini kamkumbatia.

Kaniita saa tatu asubuhi kwenye kile chumba cha Rusk. Kasema wakubwa wa chuo walitaka wasaidizi wote waliobaki waondoke leo leo, hasa mimi. Kagombana nao saa mbili mpaka wakamwachia mmoja. "Nimewaambia Verlon habanduki, au na mimi siji. Tumetoka mbali, kaka." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Maneno matamu hayo! Nimekwenda kukaa kwenye gari nikajichunguza bila kujihurumia. Kosa langu ni nini? Nimepiga hesabu ya kila hatua tangu Januari 11, na kosa nimeliona. Si uvumi. Uvumi ulifanya kazi mno, umehamisha makocha watatu ndani ya siku kumi na saba, hakuna msaidizi Marekani nzima mwenye nguvu hiyo. Kosa ni kwamba nilimlenga Gannaway badala ya kumlenga Coy.

Fort Delling wamemfukuza kocha wao jana jioni. Nimeandika kwenye jukwaa kwamba wanamtaka Ledbetter, na kwamba yeye mwenyewe anapokea simu zao. Akienda, Bluff itabaki na msaidizi mmoja tu aliyeko ofisini, na kocha mkuu lazima atoke mahali fulani.

Haikupita dakika kumi. Mtu wa kwanza kajibu kwamba hata yeye kaisikia, kwa mtu asiyekosea.