Dua Iliyogeuzwa Aiskrimu

Jumapili, 3 Machi 1912

Ile kwikwi ya Baba! Imo sikioni mwangu tangu tungali Minsk. Baba ni mwimbishaji wa sinagogi letu hapa ng'ambo, Mtaa wa Rivington. Akifika katikati ya dua ya marehemu sauti hupanda, husita, huvunjika. Leo aliiimba akitafuta soksi. Nikaandika noti za muziki. Nikaongeza kasi mara mbili. Jamani, inachezeka! Nimeitungia maneno ya aiskrimu.

Jumatatu, 4 Machi

Kwa Bwana Gottesfeld, mchapishaji wa nyimbo. Mpiga piano wake, Mottel, aliniuliza kama dada kapotea njia ya shule. (Nimesoma kumzidi.) Bwana Gottesfeld alisikiliza huku anatafuna tango la siki. Kasema mwimbaji ataujaribu kwenye ukumbi wa maonyesho Alhamisi. Watu wakiitikia kiitikio, atauchapisha na jina langu kwenye jalada. Fruma Lipnik, kwa herufi nene! Wasipoitikia, nirudi kwenye cherehani na nisimsumbue tena.

Jumanne, 5 Machi

Watu hawaitikii wenyewe. Hupangwa. Wachapishaji wote hufanya hivyo. Nimemwomba Shangazi Pesha aje na wenzake kumi na wanne wa kiwanda cha blauzi, wakae roshani. Akauliza wimbo unahusu nini. Aiskrimu. Akasema kwa aiskrimu, mwanangu, tutaimba mpaka dari lishuke. Nimewapa maneno tu. Mahadhi nimeyaficha, watunzi wengine wasije wakayaiba; watayadaka hukohuko. Akili hiyo!

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Mwimbaji aliingia anarukaruka. Mstari wa kwanza tu, Shangazi Pesha akasimama. Kisha wenzake wote. Nilidhani wamepandwa na mdundo. Kumbe wanalia! Kwetu dua ile husikilizwa kwa kusimama, na mimi nilidhani kasi itaificha. Roshani nzima ikasimama. Mzee mmoja akawa anamtaja mama yake aliyemzika Odessa. Mwimbaji akabaki na vanila yake peke yake. Kiitikio hakikuitikiwa hata na mmoja. Ngazini Shangazi alinishika sikio: marehemu mume wangu umemtia kwenye koni, wewe mtoto!

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Gottesfeld amekataa. Mottel kaniletea rambirambi: koni tupu. Naandika haraka, mishumaa ya Sabato inakaribia kuwashwa. Baba amejua. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: mbona nimekimbia pale kwenye kwikwi, na pale ndipo mtu hupata pumzi? Ningefokewa ingekuwa nafuu. Nimemwahidi kwamba dua ile sitaigusa tena maishani.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari siku nzima ya Sabato. Kosa halikuwa kuchukua mahadhi ya sinagogi. Kosa lilikuwa kuchagua yale ya kusimama. Baba ana mengine, ya toba, ya siku ya mfungo mkuu. Hayo watu wote huyaimba pamoja huku wakijipiga kifua. Wanaitikia bila kupangwa, na mdundo wanao tayari! Nimeyatungia maneno ya motokaa. Katikati nimeacha nafasi ya pumzi, kama Baba alivyotaka. Asubuhi hii nimeyapenyeza chini ya mlango wa Bwana Gottesfeld, na Shangazi Pesha nimempelekea tikiti kumi na tano za roshani. Nimemwambia ni za sarakasi, si za wimbo.