Mistari Mitatu, Wagombea Wawili

Niliambiwa nikiwa Kikorongo, pale malori na mabasi yanaposimama, na mtu aliyekuwa anakula supu ya kongoro kwa utulivu wa mtu mwenye habari za ndani. Alisema siku hizi serikali haina haja ya kumuuliza mtu anampenda nani. Kuna app ya maswali. Unajibu, simu inapima siasa yako mpaka kwenye mifupa, inakupa rangi, na papo hapo rangi hiyo inaruka hewani hadi kwa msimamizi wa uchaguzi wa kijiji chako. Siku ya kura ukisimama kwenye mstari usiolingana na rangi yako, unatolewa kwa kuvutwa sikio mbele ya watu.

Niliamini. Niliamini yote, na habari ya sikio nikaiamini kuliko nyingine zote. (Ndiyo, mimi huyu huyu niliyemaliza shule ya jioni pale Kasese, tena mwalimu alisoma alama zangu mara mbili akidhani amekosea.)

Basi, marafiki, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima, na nguo zilikuwa bado mwilini. Kaeni niwaambie, maana kesho mtayasikia kwa wengine yakiwa yametiwa chumvi, na chumvi ni kazi yangu.

Mnajua leo ilikuwa siku ya kuchagua mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Bwera. Hakuna karatasi wala sanduku. Mgombea anasimama uwanjani, na wewe unakwenda kupanga mstari nyuma yake, jua likikupiga utosini na jirani yako akikuangalia. Ukimkimbia mtu, anakuona kwa macho yake unavyomkimbia.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Afande, sajini mstaafu aliyeoa hapa kwetu akabaki. Yeye alichagua kitambaa chekundu. Wa pili ni Mzee Baluku, mnunuzi wa kahawa. Yeye alichagua kijani kwa sababu mlango wa duka lake ni wa kijani na rangi ilikuwa imebaki kwenye mkebe.

Sasa, Mzee Baluku ana binti, Biira. Na Biira ndiye anayenifanya ninyoe ndevu. Nilikwishampelekea mzee maneno ya posa, wazee wangu wakaenda, wakanywa chai, wakarudi na jibu moja tu. Mzee alisema: "Hii kijana, maneno yake nimesikia. Lakini mimi sitaki maneno. Siku ya mstari nitaona mwenyewe iko nasimama wapi. Kisha tutaongea habari ya mbuzi."

Mmeelewa? Mbuzi wangu wa mahari walikuwa wanangoja mstari. Biira alikuwa anangoja mstari. Mimi ndiyo usiseme.

Kwa hiyo niliposikia habari ya ile app, sikuogopa. Niliona bahati! Nitajibu maswali, nitapata kijani, kijani itamfikia msimamizi, msimamizi atamnong'oneza mzee: "Huyu kijana wako ni kijani mpaka kwenye ini." Nani angekataa mbuzi wa mtu wa namna hiyo?

Leo asubuhi nikaondoka Kasese, ninapouza mabati, nikapanda lori la Mumbere lililokuwa linapeleka saruji Mpondwe. Mumbere ni rafiki yangu tangu utotoni na hajawahi kuniheshimu. Nilipotoa simu akauliza, "Profesa wa jioni, iko nasoma nini?"

Nikamwambia ninajipima siasa.

"Haukujua siasa yako mpaka uulize simu?"

Nikaanza.

Swali la kwanza lilitaka kujua kama mipaka ya nchi ifungwe. Jamani! Mtu wa Bwera, hapa mpakani, unamuuliza hivyo? Siku ya soko nusu ya mboga ninazokula imevuka mpaka kichwani kwa mama fulani. Shangazi yangu anaishi ng'ambo ya pili na kila wiki anakuja kumgombeza mama yangu. Nikabonyeza "nakataa kabisa" mpaka kioo kikalia.

La pili: je, wanyama wa porini wana haki kama binadamu? Nikamsomea Mumbere. Tulikuwa tunapita kandokando ya mbuga.

Akasema, "Uliza tembo. Yule alikula shamba ya mjomba yangu yote, na hakuna mutu alimufunga. Haki yake inazidi yangu."

Nikabonyeza "nakubali," kwa sababu ni kweli anazo.

La tatu lilikuwa la jeshi: je, unaliamini? Mumbere akapunguza mwendo. Mbele yetu palikuwa na kizuizi, na askari wawili wamesimama. "Andika unakubali sana," akanong'ona. "Andika mara mbili."

Nikaandika. Nikajibu na mengine, ya kodi, ya ndoa, ya mashamba, yote kwa moyo safi. Mwisho simu ikafikiri kidogo, ikachora mraba wenye rangi pembeni na weupe katikati, ikaweka nukta yangu.

Nyekundu!

Nikapiga kelele mpaka Mumbere akakanyaga breki. "Nini? Umegonga nini?" (Alidhani ni mimi ninayeendesha.)

"Mimi ni mwekundu!"

Akanitazama vizuri. "Hapana. Bado iko mweusi."

Hakuelewa. Nyekundu ni Afande! Kwa hesabu ya yule mtu wa kongoro, habari ilikuwa tayari inaruka hewani juu ya milima kuelekea Bwera. Nikisimama nyuma ya Mzee Baluku, nitavutwa sikio. Nikisimama nyuma ya Afande, sikio litapona, lakini Biira ataolewa na mwingine. Nikaona jibu moja tu: kurudia mtihani mpaka nibadilike tabia.

Nikarudia. Safari hii nikafunga mipaka yote. Nikawanyang'anya tembo haki zao. Nikapata nyekundu iliyoiva zaidi. Nikarudia tena, nikajibu kama ambavyo Mzee Baluku angejibu, yaani kwa hasira. Nikapata bluu, rangi ambayo haikuwa na mgombea hata mmoja! Nikajibu kama Biira. Nikapata njano. Nilibadilisha itikadi kati ya Kikorongo na Bwera kuliko wabunge wote wa nchi hii tangu uhuru. Betri ilikuwa inakata roho. Mara ya mwisho nikabonyeza "sina uhakika" kila mahali, maana hiyo ndiyo ilikuwa kweli tupu, na nukta ikatua katikati ya mraba, kwenye weupe. Kisha simu ikazima.

Mumbere akanishusha karibu na uwanja. "Sasa wewe ni nini?" akauliza.

"Katikati," nikasema.

"Pole," akasema, akaenda zake na saruji.

Nilipofika uwanjani watu walikuwa wamejaa. Afande alikuwa amesimama upande wa mti wa goli, kifua mbele, kitambaa chekundu mkononi, na mstari wake umenyooka kama wa gwaride. Upande wa goli lingine, mahali pa Mzee Baluku, palikuwa patupu. Mzee alikuwa amechelewa. (Baadaye nilijua alirudi nyumbani kubadilisha koti. Mwenyekiti hawezi kuchaguliwa na koti lenye vumbi la kahawa.) Na pale mezani alikaa Madamu, msimamizi, na karatasi zake.

Akanitazama. Nakuapieni alinitazama! Mimi nikajua: habari zimefika. Anajua kwamba mimi ni mweupe wa katikati. Basi nikafanya jambo ambalo mtu mwaminifu angelifanya. Nikatembea mpaka katikati ya uwanja, kwenye duara la kuanzishia mpira, nikasimama. Mikono chini, kichwa juu. Peke yangu kama ng'ombe aliyesahauliwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana sikubaki peke yangu.

Bibi mmoja, jirani wa Mzee Baluku, alikuja na fimbo yake, akasimama nyuma yangu. Nikadhani anapumzika kwenye kivuli changu. Akaja na mwenzake. Akaja fundi baiskeli. Nikageuka. "Bibi, mnafanya nini?"

"Si wewe ni mukwe ya Baluku?" akasema kwa sauti ya uwanja mzima. "Baluku amechelewa, amekutuma umushikie nafasi. Simama vizuri, mutoto, usitikisike."

Nikasimama vizuri. Waliponiona nimetii wakajua ni kweli, na watu wa kijani wakaanza kumiminika. Walikuja kwa furaha! Mmoja akanipigapiga bega: "Mzee amepata mukwe muzuri." Mstari wangu ulirefuka mpaka ukatoka nje ya duara. Nitawaambia ukweli, kuna dakika moja hivi nilijisikia vizuri. Nilianza hata kufikiria baraza langu la mawaziri.

Kisha Mzee Baluku akatokea, koti safi, kijani mkononi, akaenda moja kwa moja mahali pake kwenye goli. Akageuka kuwatazama watu wake.

Nusu walikuwa nyuma yangu.

Waliofika baada yake wakajipanga nyuma yake. Waliokuwa kwangu wakabaki kwangu, maana bibi mwenye fimbo alikuwa amesema hakuna kutikisika. Madamu akasimama, akahesabu mstari wa Afande. Akahesabu wa mzee. Akahesabu wangu. Akarudi mezani, akatazama karatasi, akatutazama.

"Hapa mimi niko na mistari mitatu," akasema, "na majina mawili. Wewe wa katikati, nani alikupendekeza?"

Upande wa pili Afande alikuwa ameanza kutabasamu, kwa sababu mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba mstari wake ndio mrefu kuliko yote, na aliyempa ushindi huo ni mimi.

"Hakuna mtu, Madamu," nikasema.

"Kisha iko nafanya nini hapo?"

Mzee Baluku akaja na hatua zake ndefu. "Eh, Kule!" Aliniita kwa jina, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Unapigana na mimi? Kwa kiti? Unataka binti na kiti?"

Hapo nikafanya kosa la mwisho. Nikasema ukweli. Nikatoa simu iliyozima, nikainyanyua juu watu wote waione, nikasema: "Samahani, mzee. Simu ilikataa. Nilianza nyekundu, nikajaribu sana kuwa kijani, ikanipa bluu, ikanipa njano, mwisho ikaniweka katikati. Na Madamu tayari anazo habari zangu. Niliogopa kuvutwa sikio."

Nilisikia mbuzi akilia mbali sana, katika kijiji cha jirani. Halafu uwanja ukapasuka. Walicheka wekundu, walicheka wa kijani. Bibi mwenye fimbo alicheka mpaka akanishikilia mimi asianguke. Afande mwenyewe alivunja gwaride lake, akajifuta machozi na kitambaa cha kampeni, akasema, "Huyu jeshini tungemupatia kazi ya bendera. Inapeperuka tu!"

Madamu peke yake hakucheka. Aligonga meza. "Mistari yote ivunjike! Tunapanga upya. Na wewe," akaninyooshea kidole, "ukisimama tena mahali iko hapana mugombea, nitakuja kushika hilo sikio kweli."

Nikakimbia. Nilikimbilia kwa Mzee Baluku kama kuku aliyeona mvua, na bibi na mwenzake na fundi baiskeli na mstari wangu wote wakanikimbilia nyuma, kwa sababu walikwishazoea. Nikajibana nyuma ya lile koti safi. Mzee hakugeuka.

"Toka nyuma yangu," akasema kwa meno.

"Nikitoka, mzee, hawa nao watatoka."

Akafikiri. Niliona shingo yake inafikiri. "Basi kaa," akasema. "Lakini usiniguse."

Madamu akahesabu tena. Mara hii ilikuwa mistari miwili tu, na wa kijani uliupita wa Afande kwa watu wachache sana. Vigelegele! Watu wakamnyanyua mzee juu. Walipomshusha nikasogea, nikainama vizuri kwa adabu, nikasema, "Hongera, baba."

Akalikunguta koti lake mahali pasipo na vumbi. "Kura yako nimechukua," akasema. "Binti bado." Akaenda kunywa soda na wapiga kura wake, mimi nikabaki na simu iliyokufa.

Mmeshamaliza kucheka? Sawa, chekeni, lakini msicheke mbele ya mama yangu. Shangazi atavuka mpaka kesho kuja kunigombeza na mimi.

Biira alinikuta nimekaa kwenye mawe nyuma ya goli. Alikuwa amelia kwa kicheko, kope zake bado zimelowa. Akakaa karibu yangu. Nikamweleza yote tangu kongoro, pole pole: rangi zinavyoruka hewani, msimamizi anavyozipokea, sikio linavyovutwa. Nikamwambia nilikuwa nataka tu baba yake ajue mimi ni wa kijani.

Alichukua simu mkononi mwangu, akaigeuza, akanirudishia.

"Kule," akasema, "ule ni mchezo. Maswali yalitungwa na watu ambao hawajui hata Bwera iko wapi, na majibu yanabaki humo ndani ya simu yako. Hayamfikii Madamu wala mtu mwingine. Siku ya kura unasimama nyuma ya mtu unayemtaka, basi."