Dira Yangu na Mihrabu ya Babu Yake Bakary

Jumatano, 1 Agosti 1951. Lindi.
Nimepata dira! Rubani wa ndege ya barua ameniachia yake ya zamani, kwa kuwa mwaka mzima nambebea madebe ya petroli. Akasema Jumamosi atanieleza inavyotumika. Ya nini? Sindano inaonyesha kaskazini, basi. Na Makka iko kaskazini yetu barabara, mtoto wa chuoni anajua.

Nimeingia nayo msikitini. Lahaula! Mihrabu imepinda kulia! Na aliyeijenga ni babu yake Bakary, yule fundi cherehani anayemposa Siti, binti wa imamu wetu, Mwalimu Ahmadi. Nami nimemposa Siti. Nampenda hadi wali haupiti kooni. Mungu si Athumani.

Ijumaa, 3 Agosti.
Baada ya sala nikasimama nikatangaza: miaka sitini tunasali upande! Zogo. Mzee mmoja akalia, akauliza sala za marehemu mkewe zimekwenda wapi. Bakary akauliza tangu lini mbeba petroli akawa mufti. Hasidi! Mwalimu akasema kwa upole kesho adhuhuri tutapima kama walivyopima wazee, kisha atajibu posa zote mbili. Siti ni wangu.

Jumamosi, 4 Agosti.
Asubuhi rubani akanieleza. Sindano haifuati kaskazini ya kweli, ina kaskazini yake. Huku kwetu hukengeuka nyuzi chache kushoto, na ramani imeandika ngapi. Rubani asiyezirekebisha ataipita Kilwa kwa mbali, atafute uwanja kwenye mihogo ya watu. Nikauliza: na kama mtu ameshatangaza? Hakunielewa.

Adhuhuri wakasimika kijiti uani. Kivuli kilipokuwa kifupi kabisa, wakavuta kamba kwa mstari wake, kusini kwenda kaskazini, hadi ukuta wa mihrabu. Kamba na mihrabu, sawasawa! Ningeweza kusema niliyoambiwa. Nikasema kijiti kimepinda. Wakaleta kingine. Sawasawa tena. Yule mzee akamshukuru Mungu, sala za mkewe zilifika. Siti kapewa Bakary. Nimelia chooni.

Jumapili, 5 Agosti.
Nimetafakari sana. Kosa si langu, wala si la dira. Kosa ni kupima msikiti uliokwisha jengwa! Nasikia Somanga wanajenga mpya, mihrabu bado, na msimamizi ana binti, Kazija. Naondoka kesho. Rubani alinipa karatasi yenye zile nyuzi za kurekebisha. Nimefungia karanga za njiani.