Viwavi Watatoka Jumatatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimetangaza! Mbele ya Mkurugenzi wa Misitu mwenyewe, kikaoni, nimesema viwavi wa mikaratusi watatoka kwenye mayai Jumatatu ijayo. Sibahatishi. Kiwavi hafuati kalenda, anafuata joto. Kila siku unajumlisha joto lililozidi kile kiwango ambacho chini yake hakui. Jumla ikitimia, yai linapasuka na sisi tunapuliza dawa. Mkurugenzi akasema atakuja kujionea, na atakayepatia ndiye atakayekuwa mkuu wa kitengo cha wadudu. Mimi huyo! Mwenzangu Desimali (tunamwita hivyo kwa kuwa hata sukari ya chai anaipima) akasema yeye anaona mwisho wa mwezi. Maskini. Akauliza pia kipimajoto changu nimekitundika wapi. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti
Kimetundikwa ukutani, nyuma ya jiko la ofisi. Msituni kuna tope, na joto ni joto. Hata hivyo nimepita kuyaangalia mayai. Yametulia kana kwamba hayana habari na mimi. Nimekata matawi mawili na kuyaficha juu ya kabati la chumba cha wageni nyumbani kwangu, ambako kuna joto zaidi. Huu si udanganyifu. Nayasaidia tu yafike kwa wakati, na Jumatatu asubuhi nayarudisha mtini.

Jumatano, 6 Agosti
Mama mkwe ametua bila taarifa! Chumba kile kile. Anasema baridi ya hapa inamwingia mifupani, amewasha hita ya umeme na kuziba madirisha. Mke wangu amekataza mtu yeyote kuigusa. Nimefurahi mno hata mama mkwe ameanza kunishuku.

Ijumaa, 8 Agosti
Wametoka! Mapema kidogo, lakini wametoka. Weusi, wembamba kama nyuzi, na wanakula bila kupumua. Mama mkwe amemkuta mmoja kwenye mto wake. Nikamweleza kuwa ni wa kazini. Akasema wa kazini walale kazini.

Jumapili, 10 Agosti
Wamejivua ngozi! Wamenenepa, wametoa mistari ya manjano. Sijapata kuona viwavi wenye afya namna hii. Kumbe nina mkono wa ufugaji. Nimepiga pasi suti na kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Nimemwahidi mke wangu nyumba ya wakuu, ile yenye veranda. Aligeukia ukutani akalala. Nadhani ni furaha.

Jumatatu, 11 Agosti
Niliwapandisha mtini kabla wengine hawajafika. Mkurugenzi akamgusa mmoja kwa kalamu, akauliza kwa upole kama hawa ni wa leo. Nikasema wa leo kabisa. Akasema yeye aliianza kazi na viwavi hawa hawa, na hawa wameshajivua ngozi, wako nje siku kadhaa, sasa mimi nilikuwa wapi? Nikabanwa. Ama niseme wamelelewa chumbani kwa mama mkwe, ama nikubali kwamba nimechelewa. Nikakubali nimechelewa. Hapo Desimali akaanza kugeuza majani ya miti mingine. Mayai, mayai, yote mazima! Mkurugenzi akauliza imekuwaje mti mmoja ukawa na majira yake peke yake. Nikasema ni jua. Kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri.

Jumanne, 12 Agosti
Desimali ndiye mkuu wa kitengo, hata kabla ya siku yake kufika. Imeniuma, siwezi kuficha. Nimelia bafuni huku nimefungua bomba ili mke wangu asisikie. Mwisho wa mwezi Mkurugenzi anarudi kushuhudia mayai yakipasuka siku aliyoitaja Desimali, na wapuliza dawa wameshaitwa. Lakini nimekaa, nimetafakari, na kosa langu nimeliona: nilitumia joto. Baridi ndiyo inayochelewesha! Nimetoa nyama na maziwa kwenye friji, nimejaza matawi yenye mayai. Humo yai halipasuki hata mwezi uishe, na Desimali ataumbuka mchana kweupe. Mama mkwe anauliza tutakula nini. Friji letu ni dogo na msitu ni mkubwa, kwa hiyo kesho naanza kuazima ya majirani.