Maji Yasiyonywewa kwa Sasa

Umma wa Prazak, kusini mwa Texas, unatangaziwa kwa furaha kuu kwamba maji yaliyo chini ya ardhi yake si ya kunywa. Si kwamba yamechafuka, hilo litafuata. Ni kwamba tu, kwa mujibu wa kanuni, hakuna anayeyanywa kwa sasa.

Tangazo hilo alilisoma Bwana Lyndell Haverkamp, Mkurugenzi wa Vibali vya Visima vya Kusukumia, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni. Kampuni moja ilitaka kusukuma maji ya dawa ardhini yayeyushe urani, kisha iivute juu. Sheria ilikataza kufanya hivyo penye maji ya kunywa. Mkurugenzi, mtu wa suluhisho, akayavua maji cheo cha kuwa ya kunywa. Kilichobaki ni kusikiliza wananchi katika ukumbi wa zimamoto, kutia saini na kuwahi nyumbani kula.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bibi Verlene Kubicek, mjane na mfugaji.

"Mwanangu, kisima changu alikichimba babu. Nimekunywa maji yake tangu naota meno. Sasa meno yamekwisha, na bado nakunywa."

"Kisima chako hakijasajiliwa, mama. Kwa hiyo kiofisi hujawahi kunywa."

"Makubwa! Na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wana idara yao."

Ukumbi wa zimamoto ukaangua kicheko. Verlene hakucheka. Kisima kikiharibika, shamba limekwisha, naye atahamia kwa mkwewe Dallas, jambo aliloliogopa kuliko urani yenyewe.

"Kanuni inasema 'kwa sasa'?"

"Kwa sasa."

"Na kila mtu ana dakika tatu za kutoa maoni?"

"Ni haki yako, mama."

Verlene akamimina glasi kutoka kwenye moja ya majagi ya maji ya kisima chake aliyokuja nayo, akanywa. Taratibu. Dakika tatu nzima, amemkazia Mkurugenzi macho.

"Karani," alisema Mkurugenzi bila kutikisika, "andika shahidi ametoa maoni kwa njia ya maji. Kunywa kikaoni ni ushahidi. Si kunywa."

Alijipongeza kimoyomoyo. Ndipo akasimama Otto Janak, fundi wa matrekta. Akanywa. Mchungaji akanywa. Ikafuata kwaya ya kanisa, mmoja mmoja, wa sauti ya kwanza wakitangulia, na kila mmoja alimalizia kwa "Aaah!" ndefu. Foleni ilitoka nje hadi kwenye majiko ya nyama choma.

Ilikuwa Agosti na kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Chupa za maji alizokuja nazo Mkurugenzi zilikwisha. Kanuni, ambayo aliitunga mwenyewe, ilimkataza yeye, mwenyekiti wa kikao, kutoka kabla ya msemaji wa mwisho. Ulimi ulimganda kinywani.

"Mama," alinong'ona, "nipe tone tu."

"Tone la nini?"

"Maji!"

"Haya? Si ya kunywa haya, baba. Nitakutia matatani na ofisi yako."

"Ofisi ni mimi!"

"Ndiyo mbaya zaidi."

"Basi nipe kama ushahidi."

"Ushahidi ni wa wananchi. Wewe mwenyekiti, huna maoni."

"Na kikosi cha zimamoto bado hakijaanza," Otto alidakia. "Hao maji wanayajua!"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mwanasheria wa kampuni alimvuta Mkurugenzi koti, lakini mtu mwenye kiu hana koti. Akasimama, jasho likimtiririka.

"Ofisi inatambua kwamba maji haya, kwa sasa..." Sauti ikakauka.

"Malizia, mwanangu," Verlene alimbembeleza, huku akimimina polepole ili asikie.

"...ni ya kunywa! Na kibali hakitolewi! Leteni!"

Shangwe zikalipuka. Mchungaji alimkumbatia Otto. Verlene alijifuta machozi kwa kiganja, akamkabidhi glasi. Mkurugenzi aliigugumia bila kupumua, tai ikalowa chapa.

Karani, mtu wa utaratibu, aliinua kalamu. "Mheshimiwa, hapa nikuandike kama nani?"

Mkurugenzi alinyoosha glasi aongezewe.

"Mwandike mnywaji," alisema Verlene, akamjazia.