Vijiko vya Mama kwenye Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Haya, mdaku wangu, ushafungua shajara ya mtu, basi kaa vizuri usome. Leo nimezaliwa upya!

Gari la Mjomba linatetemeka. Lile la michezo, jekundu, milango miwili, kuukuu kunizidi mimi. Likifika kilomita tisini kwa saa linatikisika kama lina homa. Sasa Mjomba ana banda tupu kando ya barabara. Banda la ndoto! Mimi nalitaka nifungue gereji yangu. Binamu yangu, mwanawe wa kumzaa, naye analitaka, ahamishie mashine yake ya kubalansi magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake. Huyo tunamwita Mizani. Kwa sababu ya mashine, na kwa sababu hata ukimsalimia anakupima kwanza ndiyo aitikie.

Leo mezani Mjomba akatangaza: atakayelituliza gari ndiye atakayepewa ufunguo wa banda. Mizani akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema mimi, kwa mikono hii, bila mashine, kabla ya Jumamosi. Mjomba akaniuliza, ufundi umesomea wapi, mpwa wangu? Nikamjibu, kwenye simu. Mizani akainamia sahani. Mabega yanacheza. Cheka tu, bwana mashine.

Jumanne, 5 Machi

Simu inasema hivi: mtetemo ukikujia mikononi, kwenye usukani, tatizo ni magurudumu ya mbele. Ukikujia makalioni, tatizo liko nyuma. Sayansi hiyo! Lakini makalio ya dereva hayaaminiki, yana woga wake. Nilihitaji makalio huru.

Nikamchukua Bibi.

Alikubali haraka mno. Akasema, twende mume wangu, tangu babu yako afariki hakuna mwanamume aliyenitembeza. Tukaenda barabara ya nyuma ya viwanda. Tisini! Usukani kimya. Meno ya bandia ya Bibi ka-ka-ka-ka! Akapiga kelele kwamba kiti kinamkanda kiuno, tena upande wa dirishani, na ole wangu nikipunguza mwendo, ndiyo kwanza maumivu yanaachia.

Gurudumu la nyuma, upande wa Bibi. Nimelipata! Mashine ya Mizani inaweza kusema mambo kama hayo?

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga jeki. Gia huru. Nikalizungusha gurudumu kwa mkono, likasimama lenyewe. Nikazungusha tena. Upande ule ule umerudi chini. Tena. Ule ule! Maana yake huko ni kuzito, na dawa ni kuweka uzito upande wa pili.

Mizani anatumia vipande vya risasi, si za bunduki, yale madini mazito. Risasi sina. Mama ana vijiko.

Nikafungua gurudumu. Kwa ndani limejaa tope kavu, gumu kama saruji. Sikuligusa. Mimi ni fundi, si dobi. Nikabandika kijiko cha kwanza kwa gundi kwenye rimu, nikalirudisha, nikazungusha. Bado. Cha pili. Bado kidogo. Cha tatu, aisee, gurudumu likawa linasimama popote linapotaka! Nilitaka kulia.

Wakati wa kula Mama akauliza vijiko vyake viko wapi. Nikamwambia nilimwona jirani akichungulia dirisha la jikoni. Si uongo. Alichungulia. Mwaka juzi.

Ijumaa, 8 Machi

MIA NA KUMI! Gari limetulia kama godoro! Nimeendesha peke yangu nikiimba. Nikampitia Mizani kazini kwake, nikapiga honi, nikamwambia aanze kuzoea kuniita bosi. Akaniuliza nimepima vipi. Nikamwambia hiyo ni siri ya gereji.

Kibao tayari nimekipaka rangi: DAKTARI WA MAGURUDUMU. Herufi za mwisho zimebanana kidogo, lakini mgonjwa atasoma.

Jioni nikasema kesho ni siku ya heshima, gari haliwezi kwenda chafu. Nikaliosha kuanzia paa. Mpira wa maji nikaupenyeza hadi ndani ya rimu. Yalivyokuwa yanadondoka yale mapande ya tope! Kubwa kama mkate! Nikafurahi sana. Gari limepungua uzito, kesho litaruka.

Mama kamnunia jirani. Hawasalimiani.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika.

Naandika.

Mjomba kashika usukani. Bibi kando yake, kajitanda khanga mpya. Mimi nyuma, magoti masikioni, maana kile kiti cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya mkoba. Mizani anatufuata na pikipiki. Hamsini, tulivu. Nikaanza kumweleza Mjomba nitakavyopanga spana zangu bandani. Sitini, kioo cha kati kikaanza kutetemeka. Sabini, Mjomba hanisikii tena. Themanini! Gari zima linacheza ngoma! Meno ya Bibi yakaruka mpaka mapajani. Halafu paa! Kitu kimetoka nyuma, kikagonga kofia ya Mizani.

Kijiko.

Tukasimama. Mizani akafungua gurudumu palepale barabarani. Akaviangalia vile viwili vilivyobaki. Hakucheka. Afadhali angecheka! Akaniuliza kitu kimoja tu: niliosha kabla ya kupima, au baada?

Nikasema baada.

Akamgeukia baba yake, akaeleza polepole, kama anaongea na mtoto, na mtoto mwenyewe ni mimi. Eti uzito wenyewe ulikuwa ni tope. Vijiko vilikuwa vinalijibu lile tope. Mimi nikaondoa tope nikaacha vijiko. Bibi akarudisha meno, akasema, kumbe, umemtegemeza mtu kwa fimbo, halafu ukamwondoa mtu!

Mizani akalipeleka gari kwake, akaosha, akapima, akagonga vipande viwili vya risasi. Mia na ishirini, kimya. Mjomba akamkabidhi ufunguo mbele yangu. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua, kwamba Jumatatu niende nikaanze kazi kwa binamu yangu. Kazi gani? Kuosha magurudumu!

Vijiko Mizani akamrudishia Mama, mkononi. Mama akaenda kumwomba jirani radhi. Akaniburuta na mimi.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiria tangu asubuhi. Mdaku wangu, mimi sikukosea hata kidogo! Ijumaa gari lilikwenda mia na kumi kimya, ndiyo au siyo? Kilichoharibu ni maji. Usafi ndio adui. Nani alisema gari lazima lioshwe? Si simu yangu!

Kwa hiyo nimekoroga tope nyuma ya jiko, bakuli zima, zuri, zito. Kesho Mjomba akienda kazini nalirudisha mahali pake ndani ya rimu, naweka na vijiko vipya, halafu namwita aje aone. Ufunguo utarudi tu.

Kuna shida mbili ndogo. Sikumbuki tope lilikaa upande gani. Na gari sasa halitetemeki kabisa, kwa hiyo nikilituliza hakuna atakayejua. Itabidi kwanza ning'oe zile risasi za Mizani ili litetemeke vizuri.

Wewe ungekuwa mimi, ungeng'oa zote mbili, au ungeanza na moja uone?