Ndege ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa maktaba yetu ya maandiko ya kale amestaafu. Kiti ki wazi. Ni mimi au Bi Vedavalli, na mkaguzi anakuja Ijumaa kuchagua. Miaka kumi na tisa nimeyapangusa vumbi majani haya ya mvumo yaliyoandikwa na wazee! Yeye kaja juzi tu, na ati anaisoma hati ya kale kama gazeti. Mimi nasoma kiasi.

Leo nimeokota neno kwenye jani: vimana. Chombo cha miungu cha kuruka! Kumbe Wahindi tulikuwa na ndege zamani zile! Nimeizunguka meza mara tatu. Kukaa siwezi.

Jumanne, 4 Juni
Vipimo vipo. Upana, urefu, ghorofa tatu. Ndege ya ghorofa! Jani la mwisho lataja mafuta ya ufuta na mchaichai. Petroli hiyo, nini tena? Mke wangu Pankajam kasema mafuta yake ya ufuta niyaache jikoni. Nimeyachukua.

Jumatano, 5 Juni
Nimeunda mfano wa mianzi na karatasi. Mnene chini, mwembamba juu. Mabawa hayatajwi popote. Mwandishi alisahau, nimemsaidia. Vedavalli kachungulia, kauliza kama nataka anisomee jani. Nimemwambia aache kijicho. Kisha nimempigia simu mwandishi wa gazeti la mji.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu! Mkaguzi yupo, gazeti lipo, majirani wamejaa. Nikahutubia. Nikaumwagia mfano mafuta ili waone. Karatasi ikalowa, mabawa yakadondoka, na watu wote wakageukia dirishani, hekalu linakoonekana. Nilikuwa nimeunda mnara wa hekalu letu.

Mkaguzi akamwomba Vedavalli asome. Akaeleza kwamba mnara wa juu ya patakatifu pa hekalu nao mafundi huuita vimana. Vipimo ni vya mawe. Mafuta ni ya kupaka majani yasiliwe na wadudu. Nikabisha kwamba hadithi zetu zote zinasema miungu iliruka.

“Kaka Seshadri,” akasema polepole, “hadithi hizo hata mimi namsimulia mjukuu wangu, na ni tamu. Ila mawe yale yalipandishwa na watu, kwa mikono yao. Wewe unawanyang'anya kazi yao, halafu unawapa mabawa.”

Nilitaka kulia. Kiti kapewa yeye. Nimekula wali na mtindi nimesimama.

Jumatatu, 10 Juni
Bosi mpya hakunifukuza. Mfano kauweka kwenye kabati la kioo, bila mabawa, akaniagiza niandike kibandiko kwa ajili ya wageni. Akasisitiza nisizidishe neno: Vimana, mnara wa hekalu. Nimeandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Akasoma, akaridhika, akatoka kunywa kahawa.

Nimeongeza chini, kwa herufi ndogo: Bado haujaruka.